Ripoti ya mgonjwa mmoja ina uzito gani?

Kwenye ngazi ya ushahidi wa kitabibu, ripoti ya mgonjwa mmoja hukaa karibu na chini kabisa. Juu yake zipo tafiti za kufuatilia makundi ya watu, kisha majaribio ambamo wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, na kileleni uchambuzi unaojumlisha majaribio hayo. Majarida mengi ya tiba yamezipunguzia nafasi ripoti hizi, na baadhi hayazipokei tena. Wahariri wana hoja, ila naona wanazipima kwa kazi ambayo si yake.

Tuanze na hoja yao. Daktari huandika kuhusu mgonjwa aliyepona kwa namna ya kushangaza. Waliopewa dawa ileile wasipone hawaandikwi popote. Tena magonjwa mengi hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda hospitali hali ikiwa mbaya zaidi, hivyo karibu chochote atakachopewa siku hiyo kitaonekana kimefaa. Mfano mchungu ni makala ya Andrew Wakefield na wenzake katika jarida la The Lancet mwaka 1998. Ilihusu watoto 12 tu, haikuwa na kundi la kulinganishia, lakini ilitosha kuzua dhana kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela huleta usonji. Dalili za usonji huanza kuonekana karibu na umri ambao watoto hupewa chanjo hiyo, kwa hiyo si ajabu mzazi kukumbuka mambo hayo mawili yakifuatana. Ikaja kubainika kwamba hata taarifa za watoto wale zilipotoshwa. Makala ilifutwa mwaka 2010, hofu ikiwa imeshaenea.

Majaribio makubwa nayo yana upofu wake. Madhara yanayompata mtu mmoja kati ya 10,000 ni vigumu kuonekana kwenye jaribio la watu 1,000. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuyaona hata mara moja, unahitaji watu wapatao 30,000. Wajawazito na wazee wenye maradhi kadhaa mara nyingi hawaingizwi kabisa. Anayebaki kuona ni daktari aliye mbele ya mgonjwa. Novemba 1961, daktari wa watoto Widukind Lenz alitoa tahadhari Ujerumani kuhusu thalidomaidi, dawa ya usingizi ambayo wajawazito waliitumia pia kutuliza kichefuchefu; mwezi uliofuata daktari wa uzazi wa Australia, William McBride, akaiandikia The Lancet barua fupi akiuliza kama wenzake nao wameona watoto wa mama waliotumia dawa hiyo wakizaliwa na viungo vilivyolemaa. Na Juni 1981, taarifa kuhusu vijana watano wa Los Angeles wenye nimonia adimu ikawa dalili ya kwanza kuchapishwa ya ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Bordeaux, Ufaransa. Mtoto mwenye hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu, alipewa propranololi kwa sababu ya tatizo la moyo. Kesho yake uvimbe ulikuwa umebadilika rangi na kulainika. Madaktari hawakutangaza tiba. Waliijaribu kwa watoto wengine, wakachapisha taarifa za watoto 11 mwaka 2008, kisha likafanyika jaribio la watoto wachanga 460. Matokeo yalitoka mwaka 2015: kwa kipimo kilichofaa zaidi, uvimbe ulitoweka au kukaribia kutoweka kwa asilimia 60 ya watoto baada ya miezi sita, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa kiigizo cha dawa kisicho na tiba ndani yake.

Ripoti ya Bordeaux ilikuwa swali, na wenyewe waliichukulia hivyo; ya mwaka 1998 ilipokelewa kama jibu. Ndiyo maana siungi mkono kuzifungia mlango. Ningependa majarida yamdai kila mwandishi aseme ni wagonjwa wangapi wengine aliowapa tiba hiyo na wangapi haikuwasaidia, na yatenge nafasi sawa kwa ripoti za tiba zilizoshindwa.