Mbio zikisha, farasi ni wa nani?

Ikifika wiki ya mwisho ya Aprili, jimbo la Kentucky huku Marekani halina habari nyingine. Kofia za maua zinajaa madirishani mwa maduka, redio zinataja majina ya farasi kama yanavyotajwa majina ya wagombea kwetu wakati wa uchaguzi, na mtu ambaye hajawahi kushika hatamu maishani mwake anakupa maoni juu ya kwato za farasi fulani, nawe hukumwuliza. Kisha Jumamosi ya kwanza ya Mei zinakuja mbio zenyewe, Derby. Farasi wasiozidi 20, wote wa miaka mitatu, wanakimbia maili moja na robo katika uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville, na kwa dakika mbili na sekunde chache shughuli yote imekwisha. Mbio hizi hazijaruka mwaka tangu 1875. Zawadi yake tangu 2024 ni dola milioni 5.

Mimi ni Mwamu, mtu wa Lamu, ninayeishi Lexington hapa Kentucky, na Derby naifuata bila haya. Ndugu zetu Wakongo, waliokieneza Kiswahili katika mji huu mpaka unakisikia kwenye foleni ya duka, huniuliza mtu wa swala tano ana lipi na farasi wa kamari. Kamari siichezi. Lakini mnyama mwenye nguvu akitimua mbio, moyo wangu huenda naye. Nimekulia mahali ambapo mbio za punda husimamisha kazi za mji, na sioni kwa nini niitubie raha hiyo kwa kuwa nimehama. Linaloniudhi huku ni jingine kabisa: nyasi za farasi aliyemaliza kukimbia, nani anazilipia?

Piga hesabu. Farasi wa mbio huanza kazi akiwa na miaka miwili, na wengi wao hawaifikishi miaka minane wakiwa bado uwanjani. Farasi akitunzwa huishi miaka 25, pengine 30. Kwa hiyo ameajiriwa utotoni, amestaafishwa ujanani, na mbele yake kuna karibu miaka ishirini ya kula, kuchongwa kwato, kutazamwa meno na kuitiwa daktari, huku haleti senti. Aliyeshinda mbio kubwa na akawa dume mzima, huyo ana kazi ya kuzalisha na anaishi kama sultani. Jike mwenye nasaba nzuri naye atawekwa azae. Maksai, yaani dume aliyehasiwa, mwenye mbio za wastani hana pa kwenda.

Na hashuki siku moja. Kuna mbio za daraja la chini ambamo kila farasi anayeingia ana bei yake iliyoandikwa, na yeyote aliye na leseni na fedha anaweza kumchukua kwa bei hiyo. Hivyo farasi hubadilisha zizi mara kadhaa, kutoka jimbo hadi jimbo, kila mwenyewe mpya akiwa na mfuko mwembamba kuliko wa kabla yake. Mwisho ni mnada. Vichinjio vya mwisho vya farasi Marekani vilifungwa 2007, ila malori bado yanavuka mpaka kuelekea Mexico na Canada, na si kupeleka farasi malishoni.

Usidhani ushindi ni kinga. Ferdinand alishinda Derby ya 1986 na mwaka uliofuata akatangazwa Farasi Bora wa Mwaka wa Marekani nzima. Alipoonekana watoto wake hawana mbio za kutosha, akauzwa Japani awe dume la mbegu. Huko nako hakufana. Mwaka 2002 akachinjwa, na watu wa Kentucky, waliokuwa wakiendelea kusimulia ushindi wake kwenye baa zote, walipata habari mwaka mmoja baadaye kupitia magazetini.

Usahaulifu huu haukuanzia kwa farasi, maana niseme na hili. Katika Derby ya kwanza, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa watu weusi, na aliyeshinda, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Isaac Murphy alishinda mara tatu, 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield akashinda 1901 na 1902, na baada yake hakuna mweusi mwingine aliyeshinda tena, kwa sababu walisukumwa nje ya uwanja mpaka wakatoweka. Kaburi la Murphy lenyewe lilikaa miaka mingi bila kujulikana. Watu wakiniambia mchezo huu unawaenzi mashujaa wake, huwa namkumbuka yeye kwanza.

Habari ya Ferdinand iliwachoma watu, na mchomo huo ulizaa matunda. Mwaka 2003 Michael Blowen, aliyekuwa mhakiki wa filamu wa gazeti la Boston Globe, alianzisha shamba la Old Friends, ambalo leo liko Georgetown, mwendo mfupi kutoka hapa nilipo. Ni makao ya farasi waliostaafu, na wageni wanaruhusiwa kuingia. Huko ndiko nilikojifunza kumlisha farasi karoti kwa kiganja kilichonyooka, nisije nikaacha vidole. Silver Charm, mshindi wa Derby ya 1997, alirudishwa huko kutoka Japani mwaka 2014, na War Emblem wa 2002 akamfuata mwaka mmoja baadaye. Katika tawi lao la jimbo la New York alikaa hadi kufa kwake Zippy Chippy, farasi aliyekimbia mbio 100 na kushindwa zote 100. Watu walifunga safari kumwona. Mimi huyo ndiye kipenzi changu, maana aliyeshindwa mara mia na bado akapewa zizi na majani amenithibitishia kwamba linawezekana likitakwa.

Ipo pia taasisi iliyotangulia, Thoroughbred Retirement Foundation, ya 1983. Mwaka uliofuata iliwapeleka farasi wake kwenye gereza la Wallkill huko New York, wafungwa wawatunze na wajifunze kazi humo humo. Hata gereza la Blackburn hapa Lexington lina mpango huo. Mfungwa na farasi asiyetakiwa, kila mmoja anamwokoa mwenzake na uvivu. Wazo hilo nalipenda kuliko kofia zote za Derby.

Lakini tazama fedha inakotoka. Kwa sehemu kubwa ni michango: bibi fulani anatuma dola kumi, mwalimu mstaafu anamfadhili farasi mmoja kwa mwezi, mtalii ananunua fulana. Tangu 2012 kuna Thoroughbred Aftercare Alliance, inayokusanya fedha kwa wamiliki, wafugaji, wanadi na viwanja, kisha kuzigawa kwa mashamba yaliyokaguliwa. Ni hatua, siibezi. Hata hivyo, mashamba yenyewe yanaendelea kupitisha bakuli. Serikali ya shirikisho ilitunga sheria mwaka 2020 ya kusimamia usalama wa viwanja na dawa wanazopewa farasi, nayo ilihitajika sana. Lakini sheria ya kumlinda farasi anapokimbia haimlishi akishaacha kukimbia.

Sasa nirudi Lamu. Punda wetu hukimbia ufukweni wakati wa Maulidi na wakati wa tamasha la utamaduni, vijana wakiwa juu yake bila tandiko, umati ukipiga kelele mpaka wakimbiaji wenyewe hawajui mstari uko wapi. Keshoye bingwa anafungwa shogi na kubebeshwa mchanga. Kwa hiyo kustaafu mbio hakumpati, kwa kuwa mbio hazikuwa ajira yake. Anastaafu mizigo, akichoka kabisa, na hapo huachiwa azunguke vichochoroni. Hana karatasi ya nasaba wala kidude chini ya ngozi chenye namba, ila kila mtu anajua ni wa nani. Akilala njiani akiumwa, mtoto atatumwa nyumbani kwa mwenyewe kabla ya adhuhuri. Farasi wa Kentucky ana jina, ana ukoo ulioandikwa vizazi na vizazi, siku hizi ana na hicho kidude cha namba, na bado anaweza kupotea asijulikane alipo. Hilo lilinishangaza nilipofika na linanishangaza mpaka leo.

Sisemi kwetu ni pepo ya wanyama. Punda mzee anayezurura mjini hula mifuko ya plastiki na tumbo likamfunga. Vidonda vya mgongoni tumevizoea mno hata hatuvioni. Kama isingekuwa zahanati ya shirika la kutunza punda, The Donkey Sanctuary, iliyofunguliwa Lamu 1987 na ambayo hutibu bila malipo, wengi wangekufa kwa vitu vinavyotibika kwa nusu saa. Watu hao walituletea jambo la busara mno: shindano ambalo mshindi si punda mwenye kasi, ni aliyetunzwa vizuri. Vijana waliokuwa wakishindana kwa fimbo wakaanza kushindana kwa kusugua migongo. Churchill Downs wangejaribu hivyo, hata kwa sehemu ndogo tu ya zile milioni 5, ningefunga safari kwenda kutazama.

Na macho ya majirani yana kikomo. Kuanzia 2016 Kenya iliruhusu vichinjio vya punda kwa ajili ya soko la ngozi la China, na katika kaunti za bara watu wakaanza kuamka asubuhi na kukuta kamba tupu. Serikali ikapiga marufuku 2020, mahakama ikaitengua amri hiyo 2021, na ilibidi kungoja hadi Februari 2024 Umoja wa Afrika ukubaliane kuzuia biashara hiyo barani kote. Bei ya ngozi ilipopanda, jirani mwenyewe ndiye aliyeonyesha njia.

Kwa hiyo sina upande usio na doa. Lakini nikiulizwa nani wa kulaumiwa zaidi, sisiti: Kentucky. Mwenye punda mmoja anayeshindwa kununua dawa ana udhuru wake. Biashara inayogawa milioni 5 kwa dakika mbili haina udhuru wa kuwaachia bibi zetu bili ya nyasi.

Wenzangu kazini wengine wanasema dawa ni kususia. Wanakumbuka 2008, farasi Eight Belles alipomaliza Derby wa pili, akavunjika miguu yote miwili ya mbele na kuuawa kwa huruma papo hapo uwanjani. Wanakumbuka 2023, farasi 12 walipokufa Churchill Downs katika msimu mmoja hadi mbio zikahamishiwa uwanja mwingine, Ellis Park. Nawaelewa. Lakini mbio zikifungwa kesho, maelfu ya farasi wataamka keshokutwa na njaa ile ile, na hakutakuwa hata na mnunuzi wa tiketi wa kudaiwa. Ningependa kila dau likatwe kitu kidogo kwa lazima, na kila zawadi ikatwe zaidi, na jina la aliyemzalisha farasi libaki naye kama deni, si kama sifa. Wako wafugaji ambao tayari huacha namba zao ili farasi akikwama wapigiwe waje kumchukua. Wanafanya kwa hiari yao. Hiari ndiyo ninayoilalamikia.

Kwa sasa kanuni yangu ni hii: wenzangu wakichanga madau yao ya Derby, nami nachanga kiasi hicho hicho, changu kikaenda Georgetown kununua majani. Wananicheka kwamba mimi peke yangu ndiye ninayepoteza kwa hakika.

Binamu yangu wa Shela, kule kwetu Lamu, anayetazama Derby kwenye simu ingawa saa hizo kwao ni usiku wa manane, kaniuliza mwaka huu nitamshangilia nani. Nimemwambia nitatafuta kama yumo maksai. Funny Cide alikuwa maksai na alishinda 2003. Dume akishinda ana miaka yote iliyobaki ya kulipiwa na watoto wake. Maksai hata akishinda atahitaji shamba.