Kabla ya Kuagiza Kompresa, Kesho Utaenda Kazini na Nini?

Ukiwa na gari la kifahari lililozeeka hapa Tabora, washauri hawakosi. Huyu atakwambia uza, yule atakwambia gari kama hilo halitengenezwi tena. Wote wanaanzia kwenye bei: gari lina thamani gani, matengenezo shilingi ngapi. Mimi naanzia kwingine. Una usafiri mwingine? Kama huna, liuze lilivyo, hata kwa hasara, ununue gari ambalo fundi yeyote wa Isevya analijua.

Magari haya yanafilisi watu kwa sababu ya haraka. Chukua shokapu za upepo, yaani maputo ya mpira yanayobeba gari, yakijazwa upepo na pampu iitwayo kompresa. Jioni umeliacha gari limesimama sawa, asubuhi unalikuta limelalia kona moja na taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Mashine ya kupima inaonyesha hitilafu ya kompresa. Mwenye haraka anapiga simu Dar es Salaam, kompresa inapakiwa kwenye basi, inafungwa, gari linanyanyuka, watu wanapongezana. Haipiti muda, kompresa mpya nayo imeungua. Kumbe tatizo lilikuwa puto la mpira: limechanika kwenye mikunjo, linavuja, na kompresa inazunguka bila kupumzika kufidia upepo unaopotea.

Nilimwona fundi mmoja wa Kiloleni akimaliza ubishi wa namna hiyo kwa kopo la maji ya sabuni. Alilinyanyua gari la shemeji yangu hadi juu kabisa ili mikunjo ya mpira ifunguke, akapaka povu kwa brashi ya rangi. Tukasubiri. Kwenye mkunjo wa chini vikaanza kuota vipovu vidogo kama punje za ulezi.

“Kumbe ni hapo tu?” shemeji akauliza.

“Hapo tu kwa leo, mzee,” fundi akamjibu.

Shemeji aliweza kusubiri siku hiyo ya povu kwa kuwa ana Probox ya kumpeleka kazini. Asingekuwa nayo, kompresa ingeshakuwa njiani.

Spea nazo zinataka subira. Range Rover za kizazi cha 2002 hadi 2012 ni mfano mzuri: za mwanzo zina injini za BMW, za petroli zilizofuata zina injini za Jaguar, na asiyezijua akizitazama kwa nje anaona gari lilelile. Ukimwambia muuza spea wa Kariakoo “ni Range ya zamani kidogo” umeshapotea. Mtumie namba ya chasisi. Kifaa kikija siyo chenyewe, kinarudi na basi zaidi ya kilomita 800, na malumbano ya nani alikosea yanaanza.

Jingine ni betri. Betri iliyochoka peke yake inaweza kuwasha taa nyingi za onyo kwenye magari haya, kwa hiyo ipimwe kabla hujamruhusu mtu kufungua chochote.

Kuna wanaong'oa upepo wote na kufunga springi za chuma. Wapenzi wa magari haya wanaona ni kufuru. Mimi sina neno, hasa kwa barabara za mitaa ya Ng'ambo, mradi kompyuta ya gari irekebishwe ijue kuwa upepo haupo. Kung'oa balbu ya taa ya onyo si matengenezo.

Gia boksi ndipo subira yangu inapoishia. Wengi wameambiwa oili yake haibadilishwi kamwe, ilhali ZF, wanaotengeneza gia boksi za magari mengi ya aina hii, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kama haijawahi kuguswa na gia zimeanza kuteleza, uza, hata uwe na Probox tatu.

Shemeji ameagiza maputo mawili ya mbele, maana la upande wa pili lina umri uleule. Kompresa ya zamani inabaki. Fundi atabadilisha tu dawa ya kukaushia upepo iliyo ndani yake. Mimi nimeunga mkono. Dada yangu bado anataka liuzwe. Anasema bima inalipwa na matairi ya inchi 20 yanazeeka hata gari likilala uani, na hapo nimekosa la kumjibu.