Jumamosi ya Mwenye Ofisi Ndogo

Kila mwezi, ilipokuwa ikifika tarehe 18, mteja wangu mmoja wa Kariakoo alimtuma kijana wa bodaboda kuniletea Sinza bahasha ya kaki iliyojaa risiti za EFD, mashine ya kutolea risiti za kodi. Nyingine zilikuwa zimeanza kufutika, kwa kuwa karatasi ile haivumilii joto la Dar es Salaam. Simu yake ilifuata muda huohuo: "Kaka, nifanyie iingie leo." Ritani, yaani taarifa ya kodi, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inatakiwa iwe imefika TRA, Mamlaka ya Mapato, ifikapo tarehe 20, hivyo mimi, mshauri wa kodi mwenye karani anayelipwa mshahara, ndiye niliyeketi hadi usiku nikizinyoosha moja moja chini ya taa.

Kwa miaka mingi nilidhani kinachonila muda ni wingi wa kazi. Siku hizi naamini kwamba sisi wenye ofisi ndogo, tuwe wahasibu, mawakili au madaktari wa meno, tumejigeuza mlango pekee ambao kila jambo sharti lipitie. Karani wangu aliijua kazi, lakini hakuthubutu kumjibu mteja kabla bosi hajaona. Nami, kusema kweli, nilijisikia mtu mkubwa kwa kuulizwa kila kitu.

Wenzangu wengi hukimbilia kununua programu ya hesabu. Sina ugomvi nayo, ila haimzuii mteja kukupigia saa nne usiku ikiwa namba aliyonayo ni yako binafsi.

Nilibadilisha mkataba. Nyaraka za mwezi uliopita zinafika ofisini kabla ya tarehe 10, baada ya sisi kumaliza PAYE, kodi ya mishahara, ya tarehe 7, na anayechelewa analipa ada ya ziada. Karani ndiye anayeshika simu ya ofisi na kuandaa ritani. Mimi naipitia mara moja tu, tarehe 15, naye anaiwasilisha. Wateja wawili waliondoka, mmoja wao akiwa ni yule ambaye nauli ya kumfuatilia ilizidi ada yake.

Juni bado inanishinda, kwa sababu ritani za mapato za wenye hesabu za Januari hadi Desemba hukomea tarehe 30 ya mwezi huo. Hata hivyo, Jumamosi iliyopita yule wa Kariakoo alipiga simu ya ofisi, akajibiwa na karani, nami nikapata habari hizo Jumatatu asubuhi.