Maradhi ya seli shina za damu: kosa la seli au la makazi yake?

Mwaka 1978 mtafiti Schofield alitoa hoja kwamba seli shina ya damu, yaani seli mama inayozaa seli nyingine zote za damu, haijitawali: mahali inapokaa ndani ya uboho ndipo huamua itulie, igawanyike au ikomae. Hilo sasa halina ubishi. Seli za mesenkaima (seli za tegemeo zinazoweza kuzaa mfupa na mafuta) zilizo kando ya mishipa midogo hutoa protini ya CXCL12, nayo huzizuia seli shina zisitoke. Dawa ya plerixafor huziba kipokezi cha protini hiyo. Mgonjwa akidungwa 0.24 mg kwa kila kilo ya uzito, saa 11 hivi baadaye seli shina ziko kwenye damu, tayari kuvunwa.

Ubishi uko kwingine: je, makazi yakiharibika yanaweza kuanzisha ugonjwa?

Wanaosema ndiyo wana ushahidi mzito wa panya. Mwaka 2010 jeni ya Dicer1 iliondolewa kwenye seli changa za kujenga mfupa pekee. Damu ikavurugika, na baadhi ya panya wakapata lukemia, yaani saratani ya damu. Uboho wenye afya ulipopandikizwa kwa panya hao, nao uliharibika.

Kwa binadamu mambo hayanyooki hivyo. Badiliko la jeni liitwalo JAK2 V617F, linalopatikana kwa takriban 95% ya wagonjwa wa polisaithemia vera (ugonjwa wa kuzalisha chembe nyekundu za damu kupita kiasi), limo ndani ya seli ya damu yenyewe, na panya mwenye afya akipandikizwa seli zenye badiliko hilo huugua. Zaidi ya hapo, mgonjwa akipandikizwa seli shina za mchangiaji, seli za mesenkaima kwa kawaida hubaki zile zile za mgonjwa, lakini wengi hupona na makovu ya uboho yanayoletwa na maradhi haya huyeyuka ndani ya miezi. Kama makazi ndiyo chanzo, kwa nini seli za mchangiaji haziugui? Lukemia inayozuka kwenye seli za mchangiaji ipo, ila ni nadra, na pengine mchangiaji alikuja nayo.

Kwa maoni yetu, makazi hushiriki zaidi kuliko kuanzisha. Seli zenye badiliko la JAK2 hutoa IL-1β, protini ya kuchochea uvimbe, inayoharibu neva za uboho, nao uboho ulioharibika huzipendelea seli hizo. Dawa ya mirabegron, 50 mg kwa siku, ilijaribiwa kuziba pengo la neva hizo kwa wagonjwa 39. Baada ya wiki 24 hakuna ambaye kiwango chake cha badiliko la JAK2 kilipungua kwa nusu, lengo kuu la jaribio. Makovu, hata hivyo, yalipungua kidogo. Si matokeo ya kutupwa.

Tatizo lingine ni sampuli. Kufyonza uboho kwa sindano huleta seli zilizolegea na kuacha mpangilio wake nyuma. Penye makovu mengi sindano hutoka kavu. Sampuli hiyo ikipelekwa kupima jeni tu, lawama itaiangukia seli daima. Anayetaka kuyapima makazi achukue kipande cha mfupa wa nyonga cha angalau sentimita 1.5, kitiwe rangi ya fedha kuonyesha nyuzi za retikulini, kipewe daraja la makovu kati ya MF-0 (hakuna) na MF-3 (mengi sana), na kipimo kirudiwe baada ya matibabu.