Kilele cha Margherita: jina libaki au litoke?

Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Uganda iliamuru majina ya kikoloni yaondolewe kwenye barabara za Kampala. Mjini kazi hiyo ni ya vibao na rangi. Mimi nilipousikia uamuzi huo nilifikiria mahali pasipo na barabara, juu kabisa ya safu ya milima ya Rwenzori, kwenye mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko kuna kilele cha mita 5,109, cha mlima wa tatu kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na kinaitwa Margherita, jina la mjane wa Mfalme Umberto I wa Italia. Jirani yake ni Alexandra, jina la malkia wa Uingereza. Mlima unaobeba vilele hivyo viwili ni Stanley, na milima mingine mikubwa ya safu hiyo ni Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kati ya majina hayo yote, hakuna hata moja la Mwafrika.

Je, yafutwe? Kabla ya kujibu, inafaa kuujua mlima wenyewe, maana tabia yake imechangia sana historia ya majina hayo.

Rwenzori si volkano kama Kilimanjaro au Mlima Kenya. Ni bonge la mwamba wa kale lililosukumwa juu pale Bonde la Ufa la magharibi lilipokuwa likifunguka, lenye urefu wa kilomita 120 hivi. Mvua hainyeshi huko kwa msimu tu, inakaa. Mawingu huifunika safu siku nyingi za mwaka kiasi kwamba mtu anaweza kupita chini yake asijue kuna nini juu. Samuel Baker alifika Ziwa Albert mwaka 1864, asitambue kwamba kusini kuna theluji. Henry Stanley alipiga kambi karibu na safu hiyo mwaka 1876, naye akaondoka bila kuiona theluji hiyo. Alirudi na msafara mwingine, na tarehe 24 Mei 1888 mawingu yakafunguka. Stanley mwenyewe aliandika kwamba aliyemwonyesha ni mtoto mmoja msafarani, aliyesema kule kuna mlima uliofunikwa na chumvi. Jina la mtoto huyo halimo kwenye ramani.

Miaka kumi na minane baadaye alikuja Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia na mpanda milima hodari. Tarehe 18 Juni 1906 alisimama juu ya Margherita. Katika wiki chache timu yake ilipanda vilele vikuu vya safu, ikavipima, ikachora ramani, na Vittorio Sella akapiga picha ambazo hadi leo zinashangaza kwa uwazi wake. Mizigo ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika. Wenye kuzoea baridi na matope ya mabonde ya juu walikuwa Wakonzo, wenyeji wa mlima.

Wanaotaka majina haya yabaki wana hoja ambayo mimi zamani niliidharau, na leo siidharau tena. Majina ya 1906 ndiyo vigingi vya kupimia barafu. Mwaka ule barafu ya Rwenzori ilikuwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 6, ikiwa kwenye milima yote sita. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, kwenye Stanley, Speke na Baker peke yake. Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilikuwa imebaki miamba mitupu. Tunajua haya kwa sababu mtu wa leo anaweza kuchukua picha ya Sella iliyoandikwa Elena, kimojawapo cha vilele vya Stanley, au Speke, akasimama palepale, akalinganisha. Wanasayansi wamebishana kama chanzo kikuu huku ni joto la hewa au ni kupungua kwa unyevu na mawingu. Ubishi wa namna hiyo unahitaji kumbukumbu zinazosomana kutoka kizazi hadi kizazi. Ukibadilisha majina ovyo, unavunja uzi huo wakati hasa tunapouhitaji.

Kuna pia hoja ya mkate. Waongozaji wanaowapandisha wageni, wengi wao Wakonzo, wanauza safari ya Margherita. Jina hilo limewalisha watoto wao. Si haki mtu wa mjini kulifuta bila kuwauliza wao kwanza.

Upande wa pili nao una uzito, na unaanzia kwenye neno moja: kugundua. Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba Stanley aligundua Rwenzori. Lakini Wakonzo, na Wanande ambao ni ndugu zao upande wa Kongo, walikuwa wakiishi kwenye miteremko hiyo na kuwinda katika mabonde ya juu. Theluji wanaiita Nzururu, na mlima wanauita Rwenzururu, mahali pa theluji. Kwao juu kule ni makao ya Kitasamba, roho mkuu wa mlima, na si uwanja mtupu uliokuwa ukisubiri kupewa jina. Hata kabla ya Luigi Amedeo, Harry Johnston, ofisa wa utawala wa Waingereza Uganda, alikuwa ameandika majina aliyoyasikia kwa wenyeji, Kiyanja na Duwoni, ambayo leo huhusishwa na Baker na Speke. Majina yalikuwepo. Hayakupewa nafasi.

Na kwa Wakonzo jambo hili halikuishia kwenye vitabu. Harakati iliyoanza mwaka 1962 ya kujitoa chini ya ufalme wa Toro ilijiita Rwenzururu. Watu walikufa chini ya jina hilo. Ufalme wenye jina hilohilo ulitambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009. Jina la mlima likiwa limebeba damu na heshima ya watu kiasi hicho, kuwaambia kwamba kilele chake kitaendelea kuitwa kwa jina la malkia wa mbali, na kwamba hilo si jambo kubwa, ni kutowasikiliza.

Tena kubadilisha kunawezekana. Kilele cha Kibo kiliwahi kuitwa kwa jina la Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, jina alilokipa Mjerumani Hans Meyer mwaka 1889. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 kikawa Uhuru, na hakuna mpanda mlima aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Lakini hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wa upande wa mabadiliko tusikimbie. Tumeshajaribu, na mara nyingine tulikosea. Mwaka 1973 Ziwa Edward likaitwa Idi Amin Dada, na Ziwa Albert likawa Mobutu Sese Seko. Majina hayo yaliondoka na wenyewe. Upande wa Kongo, Mlima Stanley ukapewa jina la Ngaliema, chifu ambaye Stanley alikutana naye mahali palipo Kinshasa leo, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Rwenzori. Ngaliema ni Mwafrika, ndiyo, lakini kwa mzee wa Kikonzo ni mgeni vilevile. Mlima Kenya nao una somo lake: Batian, Nelion na Lenana ni majina ya viongozi wa kiroho wa Kimaasai, lakini aliyeyaweka ni Mwingereza Halford Mackinder mwaka 1899, juu ya mlima ambao Wakikuyu wanauita Kirinyaga. Kwa hiyo kuuliza tu kama jina ni la Kiafrika hakutoshi. Inabidi kuuliza nani amelitoa, na nani ameulizwa.

Itazame ramani ya Rwenzori kuanzia chini kwenda juu. Mito ni Mubuku na Bujuku. Kambi na mapango ya wapagazi ni Nyabitaba, Nyamuleju, Bujongolo. Maziwa ni Kitandara na Bujuku. Kuna hata kibanda chenye jina la John Matte, Mkonzo. Halafu unafika kwenye barafu, na lugha inabadilika ghafla: Elena, Savoia, Margherita, Vittorio Emanuele. Mstari ni wazi kama uliochorwa kwa rula. Pale ambapo wageni walihitaji kuelekezwa na wenyeji kila siku, wapi pa kulala, wapi pa kuvuka mto, waliyaandika majina ya wenyeji. Pale walipodhani hawahitaji kumwuliza mtu, waliyaweka yao. Mimi sijaona ushahidi ulio wazi kuliko huo wa jinsi ramani zilivyotengenezwa, nao uko wazi hivyo kwa sababu majina yote bado yapo. Ukiyafuta ya juu, mstari unapotea na ushahidi nao unapotea.

Ndiyo maana siungi mkono kufuta. Ninachokiunga mkono ni kupanga upya. Jina la safu nzima katika vitabu vya shule vya Uganda na Kongo liwe Rwenzururu, na Rwenzori lielezwe kuwa ndilo lililozoeleka kwenye ramani. Kiyanja na Duwoni yaandikwe kwanza, Baker na Speke yafuate. Kwa Mlima Stanley, wazee wa Kikonzo na wa Kinande wakae pamoja, maana mpaka umepita juu ya kilele chenyewe, na lisitangazwe jina lililotoka kwenye ofisi ya Kampala au Kinshasa. Margherita ibaki ikiwa jina la ile nukta ya juu kabisa iliyopimwa mwaka 1906, pamoja na tarehe yake na jina la mtu aliyelitoa. Na neno kugundua litoke kabisa.

Kazi ya kuwauliza wazee haifai kungoja mahakama nyingine. Barafu iliyobaki imejikusanya zaidi kwenye Stanley, na inazidi kurudi nyuma. Mtu anayeweza kuonyesha kwa kidole kutoka shambani kwake Nzururu ilifika wapi alipokuwa kijana, leo ana mvi.