Kiapo Kikivunjika, Ardhi Inabaki ya Nani?

Wapenzi wa hadithi za fantasia tunaupenda mno usiku wa usaliti. Mlinzi anamgeukia mfalme, lango linafunguliwa kutoka ndani, na kabla ya alfajiri bendera zimebadilishwa. Hata Pwani tuna usaliti wetu: Fumo Liyongo, shujaa ambaye silaha za kawaida hazikumwezea, aliuawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya kijana kuahidiwa makubwa na mtawala wa Pate. Masimulizi yanatupa mama anayembembeleza kisimani mwana aliyekwisha kufa, yanatupa na msaliti aliyekosa alichoahidiwa. Hayatupi mkulima aliyeamka kesho yake. Sasa anampelekea nani ushuru? Akidhulumiwa, amwendee nani?

Tuuchukue ufalme wa fantasia wa kawaida. Juu yuko mfalme, chini yake mabwana wakubwa, kila bwana na wapiganaji wake, na chini kabisa wakulima wanaowalisha wote. Kinachoushikilia mpango huo ni kiapo cha utii kwa aliye juu. Kisha mfalme anamuua mgeni mezani pake, au anashindwa vita asivyopaswa kushindwa, na viapo vinaporomoka kimoja baada ya kingine. Wasomaji hubishana sana kuhusu ufalme wa namna hiyo unakoelekea, na kwa kawaida hugawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza linaona ukombozi. Kwao kiapo kilikuwa njia ya heshima ya kumfunga mtu asiondoke, kwa hiyo kikikatika, mnyonge atapumua. Wana ushahidi. Uingereza ilipopigwa na tauni kuanzia 1348, ikapoteza si chini ya theluthi ya watu wake, vibarua waliobaki walianza kudai ujira mkubwa na kumkimbia bwana aliyekataa. Sheria ya 1351 ilijaribu kuurudisha ujira ulipokuwa kabla ya tauni. Mwaka 1381 wakulima waliingia London kwa nguvu, wakazimwa kikatili, lakini utumwa wa shambani, yaani mkulima kufungwa kwenye ardhi ya bwana wake, haukupona. Kufikia mwaka 1500 ulikuwa umenyauka karibu kila mahali katika nchi hiyo.

Kundi la pili linaona machafuko, na baada ya machafuko mfalme mwenye mkono mzito kuliko wa kwanza. Hawa nao ushahidi wao unatoka nchi ileile. Kati ya 1455 na 1485 koo mbili za kifalme zilipigania kiti, huku mabwana wakikusanya wapiganaji kwa mshahara na sare badala ya ardhi na kiapo. Mwaka 1485 huko Bosworth, Bwana Stanley na nduguye walisimama pembeni na majeshi yao wakitazama upepo. Jeshi la Stanley lilipoingia vitani lilikuwa upande wa Henry Tudor, na Mfalme Richard III akauawa. Henry huyo, aliyepata taji kwa sababu watu hawakushika utii wao, ndiye aliyekuja kuwabana mabwana wasiweke majeshi binafsi, hadi sheria kali ya 1504.

Nchi moja imewapa wote wawili ushahidi, kwa hiyo swali lenyewe limewekwa vibaya. Kuvunjika kwa kiapo hakumkomboi wala hakumwangamizi mnyonge. La kuangalia ni kama anaweza kuondoka, na akiondoka, kama kuna anayemhitaji.

Kisa kinachonishawishi kuliko vyote ni cha jirani, Buganda. Katika karne ya 19 chifu alitawala eneo kwa hisani ya Kabaka, yaani mfalme, ambaye angeweza kumpokonya wakati wowote. Mkulima alikuwa mtu wa chifu: alimjengea, alimpelekea pombe na sehemu ya mavuno, alimfuata vitani. Lakini akichoshwa naye, alifunga virago akahamia kwa chifu mwingine, na huko alipokewa vizuri, kwa kuwa ukubwa wa chifu ulihesabiwa kwa watu wake. Chifu mkali kupita kiasi alibaki na migomba isiyo na wa kuipalilia.

Tusiipambe picha hiyo. Chini ya utii huohuo Kabaka Mwanga aliwaua makumi ya vijana wa Kikristo, wengi wao wahudumu wa kasri, baadhi wakichomwa moto wakiwa hai Namugongo mwezi Juni 1886. Anayelilia siku za viapo akumbuke kwamba mkulima angeweza kumhama chifu, lakini kijana wa kasri hakuwa na pa kumhamia Kabaka.

Halafu utii ukavunjika. Mwanga alikuwa ameunda vikosi vya vijana na kuvipa bunduki, na Septemba 1888 vijana hao Waislamu na Wakristo wakashirikiana kumwondoa. (Waandishi wa majoka wasiipite sehemu hii: ukimkabidhi kijana joka, joka ni lake.) Kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo kiti kilikaliwa na Kiwewa, kisha Kalema, kisha Mwanga tena. Utii haukutoweka katika vurugu hizo, ulihama. Lililokuwa na uzito sasa lilikuwa mtu anasali wapi, na vyeo vikagawanywa kwa dini. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana Mengo, na bunduki ya rashasha, Maxim, ya Mwingereza Kapteni Lugard ikawabeba Waprotestanti.

Mkataba wa 1900 na Waingereza ndio uliofunga hesabu. Kabaka alikuwa mtoto mdogo, Daudi Chwa, na madaraka yalikuwa kwa walezi watatu wakiongozwa na Apolo Kagwa. Takriban maili za mraba 8,000 zilitengwa ziwe mali ya machifu wapatao elfu moja na wenye ardhi wengine, na mgawanyo ukafanywa na Lukiiko, baraza la machifu haohao. Walijigawia. Aliyekuwa mtu wa chifu akawa mpangaji wake. Kuhama aliweza bado, ila kila alikokwenda alikuta mwenye hati, na mwenye hati hupima ukubwa wake kwa ardhi. Wakuu wa koo walilalamika kwamba hata makaburi ya wazee wao yameingizwa katika viwanja vya watu. Ilibidi kungoja hadi 1928 ndipo sheria ikaweka kikomo kwa busuulu na envujjo, yaani kodi ya ardhi na sehemu ya mavuno ambayo mwenye ardhi alimdai mpangaji.

Ndiyo maana sifurahishwi na ule mwisho unaopendwa, ambapo mabwana wenye busara wanaketi duara na kumchagua mfalme mwema. Baraza la mabwana bila mfalme mwenye nguvu juu yao lina kazi moja ya haraka, kuandikishana mali. Msomaji anayeshangilia mwisho huo angeomba kwanza kuiona rejista ya ardhi.

Japani inanipinga, ila kwa sehemu tu. Himaya za mabwana zilifutwa 1871, na 1876 samurai, wapiganaji wa mabwana hao, wakanyimwa posho zao za urithi na ruhusa ya kubeba panga. Mwaka uliofuata Saigo Takamori aliongoza uasi kutoka Satsuma, akashindwa na jeshi la serikali lenye askari wa kuandikishwa, wengi wao watoto wa wakulima. Huko hati za ardhi zilikwenda kwa wakulima wenyewe, hapo kundi la ukombozi lina haki ya kutabasamu. Lakini ziliambatana na kodi ya fedha taslimu, asilimia 3 ya thamani ya ardhi. Baada ya ghasia ikashushwa hadi 2.5 mwaka 1877, na hata hivyo, bei za mazao zilipoanguka miaka ya 1880, wengi walizama katika madeni na mashamba yakaishia kwa wakopeshaji.

Rwanda nayo ilifuta ubuhake mwaka 1954, chini ya Mwami (mfalme) Mutara Rudahigwa. Huo ulikuwa uhusiano wa mtu kumtumikia bwana aliyempa ng'ombe. Ng'ombe waligawanywa, ila malisho kwa sehemu kubwa yalibaki kwa walewale, na mwenye ng'ombe asiye na malisho ilimbidi arudi kubisha hodi mlango uleule.

Anayesema fantasia ni jambo jingine, kwa kuwa kule viapo hulindwa kwa uchawi, ananiongezea hoja. Chukulia kwamba mvunja kiapo hugeuka jiwe kweli, na mkulima hawezi kuvuka mpaka wa bwana wake bila miguu kumganda. Siku uchawi huo unapokufa, mabwana watakuwa bado wanatumiana barua za vita wakati barabara zimekwisha jaa familia zenye mbuzi na vyungu, zikielekea kwa bwana anayesemekana hatozi sana. Kama tauni au vita vimepunguza watu, watapata masharti mazuri huko waendako. Kama watu ni wengi na mashamba ni machache, watarudi wenyewe kabla ya masika. Vyovyote vile, sheria ya kwanza ya utawala mpya haitahusu urithi wa kiti. Itakuwa ya kuwazuia hao wa barabarani, kama ile ya 1351, na itatiwa saini na pande zote mbili za vita.