Moroko kwa gari-nyumba: nani anabeba mzigo wa safari isiyopangwa?

Jioni ile, kusini mwa Tafraout, mji mdogo wa kusini mwa Moroko, tuliegesha ndani ya korongo la mto mkavu. Mchanga ulikuwa tambarare, upepo haukuwepo, na jiko tulikwisha kuliwasha. Mara mchungaji mmoja akagonga dirisha. Hakusema mengi. Alinyoosha fimbo kuelekea mti uliokuwa kando yetu, nasi tukaona manyasi makavu na vipande vya plastiki vimenasa matawini, juu kuliko paa la gari. Maji ya mto huwa yanafika pale. Tulizima jiko, tukapandisha gari hadi ukingoni.

Huikumbuka jioni hiyo kila ninaposikia mabishano ya watu wanaozunguka Moroko kwa gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji. Wengine husema ukishapanga siku zako umeiua safari. Wengine hujibu kwamba kwenda bila mpango ni kuwatwisha wenyeji matatizo yako. Mimi naegemea upande wa kwanza, ila hoja ya wa pili hainiachi nilale.

Nchi yenyewe haipendi ratiba. Barabara ya N9 kutoka Marrakech kwenda Ouarzazate hupanda hadi kipito cha mlimani cha Tizi n'Tichka, mita 2,260 juu ya bahari, na theluji ikianguka sana hufungwa. Aliyelipia hoteli ng'ambo ya mlima amekula hasara. Mwenye kitanda chake anapika chai na kusubiri. Miji midogo nayo kila mmoja una siku yake ya gulio, na ukisikia ni kesho, unabaki. Pesa zako zinamfikia muuza mkate, mama wa mayai, fundi wa gereji, watu ambao basi la watalii huwapita kwa kasi.

Hata yule msafiri wa kale, mwana wa Tangier ya Moroko tunayemjua sisi wa pwani, Ibn Battuta, alitoka kwao mwaka 1325 akiwa na miaka 21 kwa nia ya kuhiji. Mwaka 1331 alikuwa Mombasa na Kilwa. Lakini tusisahau aliishije: kwa ukarimu wa wenyeji. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, ambaye Ibn Battuta alimsifu sana, aliitwa Abu al-Mawahib, Baba wa Zawadi, kwa jinsi alivyokuwa akitoa.

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Moroko imepita kwenye ukame wa miaka mfululizo. Mifugo ilipungua kiasi kwamba Februari 2025 Mfalme Mohammed VI aliwaomba wananchi wasichinje kondoo Sikukuu ya Idd el-Hajj mwaka huo. Mwislamu yeyote anaelewa uzito wa ombi hilo. Sasa fikiria gari linasimama kwenye bomba la kijiji na kujaza lita 100 za kuogea na kuoshea vyombo, mama mwenye madumu amesimama nyuma yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wapo wanaokaa miezi, wakimwaga choo cha gari vichakani, na jembe hawajalishika.

Kuna pia suala la usalama. Desemba 2018 wasichana wawili wa Skandinavia waliuawa wakiwa kambini milimani karibu na Imlil, na tangu hapo askari wamekuwa wakali kwa wanaolala porini. Wakikukuta usiku watakuhamisha. Wasafiri wengi huona ni usumbufu. Mimi sioni hivyo: ukipatwa na jambo, ni yule askari atakayeulizwa ulikuwa wapi.

Kwa hiyo mimi siku siziandiki, lakini mambo manne huwa nayapanga kabla ya kupanda feri Algeciras, Hispania: maji nitajaza wapi, uchafu nitamwaga wapi, jua likizama nitalala kwa nani, na karatasi za gari zinaisha lini. Hilo la mwisho watu hulipuuza. Forodha huruhusu gari la mtalii kukaa miezi sita kwa mwaka, wakati wageni wengi wasiohitaji viza hupewa miezi mitatu tu. Na makorongo sikaribii tena kulala. Septemba 2024 mvua kubwa zilishuka kusini, na mkoani Tata, si mbali sana na pale tulipowasha jiko, mafuriko yaliua watu.

Kesho yake tulirudi Tafraout, tukaingia kambi ya kulipia. Tulimwaga choo panapostahili, tukajaza tangi, tukalipa. Tulikusudia usiku mmoja. Tulikaa siku tisa.